Baba Aline na Bahari ya Pemba

Jumatatu niliporudi kazini mliniuliza wote kwa mpigo mmoja, nami nikajaribu kusimulia huku tunakunja mashuka. Haikuwezekana. Shuka la kitanda kikubwa linataka watu wawili wanaofikiria shuka, na kila nilipofika mahali pazuri mashine ya kukaushia ililia. Vestine akabaki na habari ya friji tu. Mama Divine akasikia nimeumwa na mnyama wa baharini, akakimbia kwenda kuwaambia watu wa jikoni. Kwa hiyo nimekaa hapa nyumbani Rebero, nimeandika yote. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu dobini kwetu hotelini kuna wa Bukavu, wa Bujumbura na wa Mbarara, na ndicho kinachotukutanisha. Habari za fomu, tiketi na mihuri nimeziruka. Hazina utamu wowote.

Kwanza niseme kuhusu ile medali mliyoiona kwenye simu. Walipewa wote waliomaliza. Sikushinda.

Mnajua nilivyoanza. Hoteli ilituruhusu wafanyakazi kuingia bwawani Jumatatu asubuhi kabla wageni hawajaamka, na Gakuba, mlinzi wa bwawa, akanifundisha kuogelea nikiwa na miaka arobaini na mmoja na mgongo uliochoka kuinamia vikapu vya nguo. Baiskeli nilikuwa nayo, na kukimbia nilijifunza kwenye milima ya kwetu, ambako hata kwenda dukani ni mazoezi. Mwaka jana nikashindana ziwa Muhazi, nikawa wa kwanza kati ya wanawake wa umri wangu. Tulikuwa wawili. Lakini wa kwanza ni wa kwanza, na ndiyo iliyonipa nafasi ya kwenda Pemba kwenye mashindano ya ubingwa: unaogelea baharini, ukitoka unapanda baiskeli kupita porini, ukishuka unakimbia porini, yote mfululizo.

Msichokijua ni habari ya mume wangu. Wengi wenu mnamfahamu Faustin, Baba Aline, fundi wa majokofu, yule aliyekuja kutengeneza friji ya jikoni akaondoka bila kunywa hata chai. Tuna miaka ishirini na miwili ya ndoa, na tangu nianze kuogelea hajawahi kuja kuniona, hata siku moja. Siku ya Muhazi alisema ana friji ya mtu. Mimi nilichukulia kwamba hajali, na nilikuwa nimeshazoea. Basi wiki moja kabla ya safari, tukiwa tunakula, akasema bila kuinua macho kwenye sahani:

"Nitaenda na wewe."

"Kufanya nini?"

"Nani atafunga baiskeli?"

"Nimejifunza kuifunga."

"Nitaenda," akasema, akaendelea kula.

Sikufurahi. Nilikuwa nimeingoja safari hii kama kitu changu mwenyewe.

Kutoka Kigali hadi Rusumo

Tuliondoka alfajiri. Faustin alikuwa amefungua baiskeli vipande vipande na kuipanga ndani ya boksi la friji, kwa sababu nyumbani kwetu maboksi ya friji hayakosekani. Lilikuwa na picha ya friji pande zote na mshale mkubwa unaoonyesha juu. Nilimwambia watu watachanganyikiwa. Akasema boksi ni boksi.

Tulipopita Kabuga kulikuwa kumeanza kupambazuka, wenye maduka wanafungua milango. Mpaka Kibungo tulikuwa hatujaambiana hata maneno kumi. Nilichungulia dirishani nikijiuliza jinsi ya kumwambia mtu arudi nyumbani bila kumuumiza, na sikupata.

Rusumo, baada ya kuvuka daraja, basi likahamia upande wa kushoto wa barabara kama inavyotakiwa Tanzania. Faustin hajawahi kutoka Rwanda kuelekea upande ule. Akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

"Anaenda katika njia ya wengine!"

"Huku ndiyo njia yake," nikamwambia. "Na wengine wote wako hivyo hivyo."

Mimi nilizaliwa Karagwe, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, na Kiswahili nilikisoma darasani hadi mwalimu akaniridhia. Faustin Kiswahili chake ni cha Kigali: *iko* moja inafanya kazi zote, na *r* na *l* zinabadilishana viti zinavyotaka. Nyumbani hatucheki. Huko tulikokwenda ilikuwa habari nyingine.

Kahama, na friji isiyo friji

Kahama basi lilisimama watu wale. Faustin akamwendea mhudumu wa hoteli kwa heshima zote, akasema, "Dada, mimi nataka kura."

Dada akamtazama. "Kura? Baba, hapa tunapika tu. Kura zinapigwa shuleni."

Nikaingilia kati. Akaletewa wali na samaki wa ziwani, akala kimya. Nilidhani amekasirika, lakini alipofika kwenye mifupa akaanza kutikisika mabega. Alikuwa anacheka. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo muda mrefu, nami nikacheka.

Hapo ndipo alipopanda Mama Neema, mwanamke mnene mwenye duka la vinywaji anayekwenda Dodoma kwa binti yake. Alikuwa ameliona lile boksi kwenye buti wakati wanapakia mizigo yake.

"Mnapeleka friji Dar?" akauliza. "Watu wote wanatoa friji Dar, nyie mnapeleka?"

"Ni baiskeli," nikasema.

"Kwenye boksi la friji?"

"Mume wangu ni fundi wa friji."

Ningejua, nisingesema. Mama Neema aliniomba nibadilishane naye kiti, akakaa karibu na Faustin, na kuanzia Nzega hadi Igunga akamweleza jokofu lake la dukani: juu linagandisha, chini soda zina joto, halafu usiku linanguruma kama mtu anayekoroma. Faustin alimsikiliza kama daktari. Akauliza mlango unafungaje. Akauliza limesukumwa hadi ukutani au lina nafasi ya kupumua. Mama Neema akapiga simu dukani, akamwamuru binamu yake alivute jokofu kutoka ukutani wakati ule ule, na basi zima likasikia kishindo cha chupa.

"Kiingereza chako kidogo, Kiswahili chako kidogo," akamwambia Faustin, "lakini friji unaijua."

"Friji haina lugha," Faustin akajibu. Na hiyo aliisema bila kosa.

Tulipopita Singida kidogo, mkanda wa feni ukakatika na basi likasimama. Palikuwa na nyumba nne, mashamba ya alizeti, na jua. Tukaambiwa mkanda mpya unatoka mjini. Saa moja, mbili, nne. Wenyeji wakatuuzia mahindi ya kuchoma na kuku waliokaangwa kwa mafuta ya alizeti, watamu ajabu. Mimi sikuweza kuwafurahia kwa sababu nilikuwa nahesabu: boti ya Pemba ya asubuhi tusingeiwahi, na boti inayofuata ilikuwa ya siku ya pili yake. Nilikuwa nimepanga siku tatu za kuizoea bahari. Zilikuwa zinayeyuka pale barabarani.

Faustin alivua shati akaingia chini ya basi pamoja na dereva. Mkanda ulipofika, wakaufunga pamoja. Alipotoka, uso mweusi kwa grisi, akaniambia, "Tutafika." Nikamjibu vibaya. Nikasema, "Wewe ungefurahi tusipofika." Alikwenda kunawa mikono kwenye ndoo ya yule mama wa mahindi, akanawa muda mrefu kuliko grisi yenyewe ilivyohitaji.

Kuvuka maji

Bandarini Dar es Salaam wapagazi walilitazama boksi na mshale wake, na mkubwa wao akatoa amri: "Friji hailazwi! Isimamisheni!" Nikaanza kueleza. Faustin akanigusa mkono. Miaka yote hii anawaambia wateja wake wasilaze friji wakati wa kuhama, na hawasikii. Sasa amekutana na watu wanaojua kazi. Akaniambia, "Waache. Wako sawa." Baiskeli yangu ikavuka bahari ikiwa imesimama, imefungwa kamba kwenye nguzo kama mheshimiwa.

Kabla ya boti kuondoka Faustin alimwomba baharia koti la kuokolea. Baharia akamwambia yako chini ya viti, yanavaliwa kukiwa na hatari. Faustin akalitoa akalivaa. Akafunga mikanda yote. Akakaa safu ya katikati, mbali na madirisha, mikono magotini, macho yamefumbwa. Watoto walimtazama. Abiria mmoja alidhani ana kichefuchefu akampa ndimu ya kunusa. Mwingine akampa tangawizi. Alipokea vyote, akashukuru, akafumba macho tena. Hakutapika hata mara moja. Mimi ndiye niliyetapika.

Nilimwonea aibu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Watu mia kadhaa ndani ya boti, na mwenye koti la rangi ya chungwa ni mume wangu peke yake, kuanzia Dar hadi Unguja, na kuanzia Unguja hadi Mkoani, bandari ya Pemba.

Maji ya kuoga

Kutoka Mkoani tulipanda gari kuelekea kaskazini, milima midogo midogo yenye mikarafuu pande zote, karafuu zimeanikwa kwenye mikeka hadi ukingoni mwa lami. Hewa yote ya Pemba inanukia kama pilau. Tulifikia karibu na Konde, kwa Bi Mwanakombo, mjane wa miaka sitini na kitu aliyewapangishia washindani chumba chake cha uani. Alitupokea kwa mkate wa kumimina na pweza wa nazi. Faustin alitazama kipande kilichokuwa kwenye kijiko chake, chenye vile vikombe vidogo vidogo.

"Bibi, hii ilikuwa na miguu ngapi?"

"Minane, mwanangu."

Akafikiri. "Na kichwa?"

"Kimoja, kama chako. Kula."

Alikula, akaongeza. Kisha, kwa kuwa alitaka kunisaidia, akamwuliza Bi Mwanakombo kwa sauti ya adabu, "Bibi, kesho asubui huyu anataka kuoga. Maji iko mbari?"

Kwa Kinyarwanda, kuoga na kuogelea ni neno moja. Nilikuwa ninatafuna, sikuwahi kumsahihisha.

"Kuoga?" Bi Mwanakombo akasema. "Maji mnayo hapo hapo uani. Nitakuchemshieni."

"Hapana, Bibi. Anataka kuoga baharini."

Uso wa mama yule ulibadilika. "Baharini? Kwenye chumvi? Kwani maji yangu yana nini?"

Nikaeleza, nikaomba radhi, akaniambia haidhuru. Lakini asubuhi tulikuta mlangoni ndoo mbili za maji ya moto yaliyotiwa majani ya mlimau, sabuni mpya na taulo mbili. Alisimama pale akingoja. Tukaoga. Ndipo akatuonyesha njia ya kwenda pwani.

Tukafika pwani. Bahari haikuwepo.

Sisi ni watu wa maziwa. Ziwa ukiliacha jioni unalikuta asubuhi. Mbele yetu kulikuwa na mchanga uliolowa, vidimbwi, majani, na mbali kabisa mstari mweupe. Faustin aliangalia kushoto na kulia. "Wamefunga maji?" akaniuliza, na hakuwa anatania. Wanawake waliokuwa wakifunga mwani kwenye kamba huko mbele wakatupigia kelele: maji yamekupwa, yatajaa alasiri, tukae kivulini. Nikamwona Faustin amelegea mwili mzima. Alivua viatu, akatembea mchangani hadi mahali ambapo saa chache baadaye pangekuwa na kina cha watu wawili. Akaokota gamba la kombe, akalisikiliza. Alikuwa na furaha kwenye bahari isiyo na maji.

Alasiri ikarudi. Inarudi haraka kuliko mnavyofikiri. Nilikuwa nimevaa nguo zangu za kuogelea ndani. Nikafungua kanga, nikavua fulana na viatu, nikampa.

"Nishikie."

Akarudi nyuma hatua mbili. "Weka chini."

"Mchanga umelowa. Nishikie tu."

"Nimesema weka chini!" Alipiga kelele. Wale wanawake wa mwani wakageuka. "Mimi sishiki nguo za mtu anayeingia majini!"

Miaka ishirini na miwili hajawahi kunipigia kelele. Nilisimama pale na nguo zangu mikononi, nikaanza kulia kwa hasira, nikamwambia yote niliyokuwa nimeyabeba tangu Kabuga: kwamba hakuna aliyemwita, kwamba ananiaibisha, kwamba kama haamini ninaweza basi angebaki na friji zake. Yeye akakaa chini mchangani. Akangoja nimalize.

Aliyoyasema baadaye aliyasema kwa Kinyarwanda, nami nayatafsiri nilivyoweza. Amesoma ukurasa huu, amesema niuache.

Nilijua Faustin alikuwa na kaka aliyeitwa Viateur aliyekufa majini wakiwa watoto. Ndivyo nilivyoambiwa nilipoolewa, sentensi moja, na sikuuliza zaidi. Sikujua kwamba Faustin alikuwepo. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, Viateur kumi na minne. Walitumwa kuleta majani ya ng'ombe, wakapitia Muhazi. Viateur akavua shati na kaptula, akampa mdogo wake, akamwambia, "Nishikie, zisichafuke, Mama atajua."

"Nikazishika," Faustin akasema. "Alikwenda, akazama, nikadhani anacheza, kwa sababu alikuwa mchezaji sana. Nikakaa. Sikupiga kelele kwa sababu tungejulikana tumekuja ziwani. Nilizishika mpaka jioni. Nilipofika nyumbani nazo Mama akaziona mikononi mwangu, akajua."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Baadaye walikufa watu wengi sana," akasema. "Wewe unajua. Mama, Baba, wote. Baada ya hayo nani angekaa kuongea juu ya mtoto mmoja aliyekufa majini, kifo cha kawaida? Hata mimi niliona haya kumlilia."

Nilikaa karibu naye. Maji yakaja yakatugusa miguu, tukasogea, yakaja tena. Nikamwambia sitashindana. Nilimaanisha.

"Hapana," akasema. "Sikupanda basi lile siku mbili ili usishindane. Nilikuja kwa sababu nyumbani ningekaa nikingoja simu. Hapa angalau nitaona."

Siku ile sikuogelea. Tulirudi kwa Bi Mwanakombo, akatutazama machoni, akatupa chai.

Siku ya mashindano

Mashindano yalianza mapema, kabla maji hayajaondoka. Tulikuwa wengi kuliko nilivyotegemea, watu wa nchi nyingi, miguu imenyolewa, baiskeli ambazo Faustin alizizunguka kimya kimya. Nguo zangu nilizikunja nikaziweka kwenye kikapu cha plastiki chenye namba yangu. Yeye alinifunga zipu mgongoni. Vidole vyake vilikuwa baridi. Bi Mwanakombo alikuwa amekuja pia, na mwavuli.

Mara firimbi, tukaingia.

Chumvi inakubeba, hilo Gakuba aliniambia na ni kweli. Lakini hakuniambia kuhusu mawimbi, maana bwawa letu halina. Nilivuta pumzi nikavuta maji. Nikakohoa, nikavuta maji tena. Wenzangu walinipita kushoto na kulia hadi nikabaki na povu lao. Karibu na boya la pili kitu laini kama jeli kikanichapa shingoni, kikawaka moto mpaka begani. Ndiye huyo mnyama wa Mama Divine. Nikasimamisha mikono. Pumzi ikakataa kabisa. Boti ya waokoaji ilikuwa hatua chache, na tulikuwa tumeelezwa: ukichoka, inua mkono, watakuja kukuchukua, na mashindano yako yameishia hapo. Hakuna aibu.

Nikaanza kuinua mkono. Wimbi likaniinua juu nami nikaona pwani.

Watu wote walikuwa mchangani isipokuwa mmoja. Alikuwa ameingia baharini na suruali yake ndefu na shati la mikono mirefu, maji yakimfika kifuani, peke yake, amenyoosha shingo. Kila wimbi lilipofika alirudi nyuma kidogo, kisha akasogea mbele zaidi ya pale alipokuwa. Nikamfahamu kwa mabega. Na nikajua, kama ninavyojua jina langu, kwamba nikiinua mkono huyu mtu hataona boti wala waokoaji. Ataona mkono tu. Atakuja. Na hajui kuogelea.

Nikaushusha mkono. Nikalala chali kama Gakuba alivyonifundisha wiki ya kwanza, masikio ndani ya maji, macho juu. Nikapumua. Shingo inawaka, napumua. Sijui ni dakika ngapi. Kisha nikageuka, nikaogelea polepole, mkono kwa mkono, nikizunguka boya la mwisho nikiwa nyuma ya karibu wote. Nikawa natazama pwani kila pumzi ya tatu. Kila mara yuko. Kila mara amefika mbele zaidi.

Nilipogusa mchanga kwa miguu alikuwa hatua tano kutoka kwangu, maji kidevuni. Sheria inakataza mtu wa nje kukugusa. Alijua. Aliinua mikono yake yote miwili juu hewani ili asinishike, akatembea pembeni yangu hadi nchi kavu, mikono ikiwa juu vile vile kama mtu aliyekamatwa na polisi, maji yanamtiririka. Alijaribu kusema kitu kikubwa. Kilichotoka ni, "Baiskeli nimeipaka mafuta."

Sehemu ya baiskeli ilikuwa matope matupu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na njia ya msituni ilikuwa ya udongo mwekundu ulionikumbusha nyumbani. Milima hainipi shida. Nikawapita watu wanne kwenye mwinuko wa kwanza wa mikarafuu, wakishuka kusukuma wakati mimi napanda. Kisha mnyororo ukaruka, ukakwama kati ya gurudumu na fremu. Nilivuta, haukutoka. Niliinua kichwa, na nani yuko kwenye kona, amelowa, na Bi Mwanakombo na mwavuli? Msimamizi wa njia alikuwa hapo, kijana mkali mwenye bendera, akasema mara moja, "Baba, hakuna kusaidia!"

"Mimi sisaidii," Faustin akasema. Akamgeukia Bi Mwanakombo, akapaza sauti kama anazungumza na mtu wa kijiji cha pili. "Bibi! Unajua, mnyororo ikikwama, watu wanavuta mbele! Mbaya! Inatakiwa kusukuma ile mkono ya nyuma kwanza, inaregea, harafu inatoka yenyewe!"

"Ewaa," Bi Mwanakombo akajibu kwa sauti ile ile. "Ya nyuma kwanza! Nimekufahamu, mwanangu!"

Msimamizi akatazama pembeni. Nikasukuma mkono wa nyuma, kile chuma kinachoukaza mnyororo, ukalegea, mnyororo ukatoka.

Mbio za mwisho sitazirefusha. Zilipita msituni, zikatokea pwani, na bahari ilikuwa imeshaondoka tena, mchanga mgumu na mweupe kama shuka lililopigwa pasi. Miguu ilikuwa imekwisha. Nilitembea, nikakimbia, nikatembea. Nilifika wa tano kati ya wanawake sita wa umri wangu. Yule wa sita, mwalimu kutoka Ngazija, alifika nyuma yangu kidogo, tukakumbatiana bila kujuana jina.

Faustin alikuwa kwenye mstari. Sasa sheria zilikuwa zimeisha, lakini hakunikumbatia. Aliniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, kama anavyokagua kitu kabla ya kukirudisha kwa mwenyewe. Kisha akakaa chini pale pale katikati ya watu, akalia. Alilia kwa sauti. Watu walidhani ni kwa ajili ya ushindi, wakapiga makofi. Mimi nilikaa naye. Nilijua anamlilia nani, na nikawaacha wapige makofi.

Kurudi

Bi Mwanakombo alinipaka siki shingoni, akatufungia karafuu kwenye karatasi, na akamwambia Faustin, "Ukija tena nitakuchemshia maji." Kwenye boti Faustin alitoa lile koti, akaliweka magotini, hakulivaa. Alikaa dirishani, macho wazi, uso umekaza. Sitawaambia kwamba ameacha kuogopa maji. Hajaacha. Nimemwambia kwamba Gakuba yuko tayari kumfundisha, akasema tutaona, na mimi namjua: tutaona maana yake hapana.

Lakini kwenye basi, tulipokuwa tumetoka Dodoma, akaanza kuongea. Hakuanza na ziwa. Alianza na kikohozi. Akasema Viateur alikuwa anaweza kuiga kikohozi cha padri wao barabara, kiasi kwamba siku moja akiwa nyuma ya kanisa alikohoa, na waumini wote wakasimama kabla padri hajaingia. Nikacheka. Akaendelea. Viateur hakupenda viazi vitamu, alikuwa anavificha kwenye kofia ya babu. Viateur alimpa ndama jina la mwalimu wao, halafu mwalimu akaja kutembelea nyumbani. Viateur alikuwa na kovu kwenye kiwiko na alimwambia kila mtu hadithi tofauti ya lilikotoka. Viateur alimfundisha Faustin kufunga kamba za viatu, na mpaka leo anazifunga kwa mtindo ule, kinyume na watu wengine. Mimi nimeishi na mafundo yale miaka yote, nikidhani ni ukaidi tu.

Singida ikapita, Nzega ikapita, hatukulala. Alikuwa akisita, akikumbuka, akisema "na tena," akiendelea. Miaka ishirini na miwili nilikuwa na sentensi moja tu. Kabla hatujafika Kigali nilikuwa nimemjua shemeji yangu.